Kuchokoza kwa mpango: mwongozo wa mwimbaji wa kike wa roki, Kampala

Roki haina soko lililo tayari Uganda. Kumbi nyingi zimefungwa mitambo ya kupigia muziki uliokwisha kurekodiwa, mafundi wake wamezoea besi nzito ya dansi, na mapromota hawajui tiketi watamuuzia nani. Mwanamke anayeingia humo na nyimbo zinazokera hubebeshwa mzigo wa ziada: ataulizwa kuhusu nguo yake kabla hajaulizwa kuhusu gitaa lake. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuamua kwamba ataimba tu. Msimamo wetu ni mmoja: uchokozi unaodumu ni ule uliopimwa. Wanawake wanaoonekana wamepagawa jukwaani wamefanya mazoezi ya kupagawa, na wanajua kila waya unapita wapi.

Amua kwanza unamchokoza nani

Chukua karatasi, andika sentensi moja: nani atakasirika akisikia wimbo huu, na kwa sababu gani. Ukijibu "watu wote", wimbo bado haujaiva, maana anayemrushia kila mtu jiwe hampati yeyote. Andika nafasi ya mtu katika jamii, wala usiandike jina lake: mwenye nyumba anayemgongea mpangaji mlango usiku, shangazi anayemfundisha bibi harusi kunyamaza, bosi anayetaka kahawa iletwe na msichana.

Kisha amua utamchokoza kwa kutumia nini. Kuna maneno, kuna sauti, kuna mwili na kuna kitendo. Kimoja kiwe mbele, vingine vikisindikize. Patti Smith alitoa albamu yake ya kwanza, Horses, mwaka 1975. Kwenye jalada, katika picha iliyopigwa na Robert Mapplethorpe, amevaa shati jeupe, koti jeusi limetupwa begani, nywele timutimu, anamtazama mtazamaji bila kumtabasamia. Hakuna ngozi iliyoachwa wazi pale, na picha ile bado inazungumzwa. Suzi Quatro alishika gitaa la besi ndani ya vazi la ngozi na mwaka 1973 akafika namba 1 Uingereza. Wendy O. Williams wa bendi ya Plasmatics alichagua kitendo: alikata magitaa kwa msumeno wa injini na kulipua magari jukwaani. Njia hiyo ilikuwa na bei. Mwaka 1980 onyesho lao la London lilizuiwa na mamlaka ya jiji kwa sababu za usalama, na Januari 1981 alikamatwa Milwaukee akaumizwa mikononi mwa polisi. Ukiwa na bajeti ya Kampala, anza na njia ya shati jeupe. Haihitaji kibali cha zimamoto.

Huku kwetu pia kuna shule. Siti binti Saad, mwanamke wa tabaka la chini Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928, na wimbo wake Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke ambayo muuaji alitoroka, huku waliojitokeza kutoa ushahidi wakaadhibiwa. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alipiga ngoma za unyago na kuvuta sigara hadharani mpaka uzeeni. Wasikilize kabla ya kusikiliza gitaa lolote la mbali. Utajifunza jinsi fumbo linavyomfikia mlengwa mbele za watu naye akakosa pa kushika.

Maneno yanayoweza kupigiwa kelele

Kiswahili kinaikubali roki kuliko watu wanavyodhani, ukikipanga vizuri. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ngoma ya roki hupiga kofi lake kwenye pigo la 2 na la 4. Kipande cha mizani 8, kile kile cha shairi la kawaida, kinajaza mstari mmoja wa muziki wenye nusu-mapigo 8. Jaribu: na-ka-TA-a ku-nya-MA-za. Silabi ya 3 inaangukia pigo la 2, ya 7 inaangukia pigo la 4, na mkazo na ngoma vinagongana hapo hapo. Mstari ukikataa kukaa, usivute silabi, badilisha neno. Mkazo uliohamishwa humfanya mwimbaji asikike kama mgeni anayesoma matangazo.

Angalia pia irabu ya mwisho. "A" na "o" hufungua kinywa na koo, hivyo zinabeba kelele. "I" na "u" hubana, na ukizipigia kelele kwa nguvu sauti inakwaruzika vibaya. Kwa hiyo mwisho wa kiitikio weka "nakataa", usiweke "sitaki". Maneno yenye i na u yabaki kwenye beti, pale unapozungumza zaidi ya kuimba.

Hadhira ya Kampala ina Kiganda na Kiingereza zaidi ya Kiswahili. Kiitikio kiwe na maneno manne hadi sita, yanayorudiwa, ambayo mtu wa Ntinda au Kawempe anayaelewa bila kufikiri. Na kumbuka kwamba Kiswahili Uganda kimebeba kwa miaka mingi sauti ya amri ya askari. Mwanamke mwenye gitaa anayetoa amri kwa lugha hiyo hiyo tayari amechokoza kabla beti halijaanza. Itumie silaha hiyo: vitenzi vya amri, sentensi fupi, bila "tafadhali".

Sheria, kabla ya video

Sheria ya Kupambana na Ponografia ilitiwa saini Februari 2014, na mwaka huo huo mwimbaji Jemimah Kansiime, anayejulikana kama Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa ajili ya video ya wimbo. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo. Hilo halikufungua milango yote. Kanuni ya Adhabu bado ina makosa yanayohusu machapisho machafu na usumbufu kwa umma, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta inagusa unachopandisha mtandaoni. Mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi aliloweka Facebook. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo Februari 2020, lakini alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya mwaka. Kushinda rufaa hakurudishi miezi.

Kwa vitendo, fanya hivi. Mpe wakili maneno ya wimbo na mpangilio wa video kabla ya kupiga picha, maana kumlipa kwa saa moja ni nafuu kuliko dhamana. Asiwepo mtu wa chini ya miaka 18 kwenye video wala kati ya wachezaji. Usitaje jina la mtu aliye hai kwenye beti la matusi. Namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi na awe nayo mtu ambaye hapandi jukwaani, maana simu yako ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Upande wa onyesho, hakikisha ukumbi una leseni yake, polisi wa eneo wamearifiwa kwa barua, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anajua muziki utazimwa saa ngapi. Beba nakala zenye mihuri. Mwaka 2018 tamasha la Nyege Nyege la Jinja lilipigwa marufuku na waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, siku chache tu kabla halijaanza, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Asiye na karatasi siku kama hiyo hana cha kujadiliana nacho.

Koo

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, tena mapema. Sauti ya kukwaruza inayosikika kali haitoki kwa kukamua shingo. Inatokea juu ya nyuzi za sauti, kwenye mikunjo iliyo juu yake, wakati pumzi ya tumbo na mbavu inapita kwa utulivu. Ikifanywa sawasawa, kelele hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika. Ukali anauongeza maiki. Ukiona mishipa ya shingo imesimama na uso umewiva, unaimba kwa misuli isiyohusika.

Kupasha sauti: tia mrija wa soda ndani ya chupa ya maji iliyojaa nusu, ncha yake iwe sentimita 3 hadi 5 chini ya maji. Puliza huku ukitoa "uuu", panda kutoka chini kwenda juu na ushuke, kama king'ora, kwa dakika 5. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatika, pumzi yako haijatulia. Shinikizo linalorudi kutoka majini hupunguza nguvu ya nyuzi kugongana, ndiyo maana zoezi hili linafaa hata siku ambayo sauti imechoka. Baada ya hapo imba kwa sauti safi dakika 5, na mkwaruzo uje mwisho.

Mkwaruzo wenyewe ujifunze kutoka kwenye mguno: ile sauti ya kukatika-katika ya asubuhi kabla hujasimama kitandani. Ianze kwa sauti ndogo, iongezee pumzi polepole, uitoe kwenye irabu "a". Mwezi wa kwanza usizidishe dakika 10 kwa siku. Maumivu, kuwashwa, kikohozi, au sauti safi kupotea baada ya zoezi, yote yana maana moja: njia ni mbaya, simama. Usiseme utazoea. Sauti ikibaki imekauka kwa wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Mulago ina idara hiyo. Vinundu kwenye nyuzi za sauti vikigunduliwa mapema mara nyingi hupona kwa mapumziko na mazoezi.

Tangawizi na asali havigusi nyuzi za sauti, kwa sababu kinywaji hupita njia ya chakula. Vinatuliza koo la juu tu. Maji unayokunywa huzifikia nyuzi kupitia kwenye damu, kwa hiyo maji ya kunywa dakika tano kabla ya shoo yamechelewa, anza asubuhi. Vumbi la Kampala wakati wa kiangazi hukausha sana: vuta mvuke wa maji moto, bila dawa yoyote ndani, dakika 10. Epuka peremende na dawa za kupulizia zinazotia ganzi, maana zinazima kengele ya hatari. Pombe hufanya kazi hiyo hiyo, unajeruhi koo bila kusikia. Chakula cha mafuta mengi usiku wa manane, halafu kulala papo hapo, hupandisha tindikali hadi kooni, na watu wengi wanaolaumu maiki wanapaswa kulaumu chipsi za saa nane usiku. Janis Joplin hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba sauti ya roki hutoka kwenye chupa. Alikufa Oktoba 1970 akiwa na miaka 27, na sauti ile alikuwa nayo kwa kipaji na kazi.

Masikio nayo. Kiwango kinachotumika sana cha kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango cha kawaida cha chumba cha mazoezi chenye ngoma, unabaki na dakika 15. Vizibo vya sponji vya duka la dawa vinatosha kuanzia. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele zaidi, kwa hiyo kulinda masikio ni kulinda koo.

Bendi

Watu wanne: ngoma, besi, gitaa, wewe. Wapigaji wazuri wa Kampala wengi wamelelewa kanisani, na hilo ni jambo jema. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alipiga gitaa la umeme kwenye nyimbo za injili kabla roki haijapata jina. Lakini msomee mpigaji maneno ya nyimbo zote siku ya kwanza. Kuna ambaye hatapiga wimbo fulani kwa imani yake, na ni afadhali alijue hilo sasa kuliko jukwaani. Mpiga ngoma wa kanisa huwa na mkono mtamu na mguu mpole. Mwekee metronomu mapigo 160 kwa dakika, mguu upige nusu-mapigo yaliyonyooka, dakika 3 bila kuongeza mwendo. Akishindwa, shusha hadi 140 na upande kwa mapigo 4 kila wiki.

Nyuzi za gitaa za kipimo cha 10 hadi 46 zinafaa kwa nota za kawaida. Ukishusha uzi mnene hadi D, chukua seti nene kidogo, la sivyo uzi utalegea na nota itayumba. Beba seti mbili za akiba. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho na hewa yenye unyevu ya ziwani huzitia kutu haraka.

Umeme, mahali ambapo watu hufa

Soma sehemu hii mara mbili. Mwimbaji wa roki aliyeshika gitaa na kugusa maiki kwa midomo ameunganisha mitambo miwili kwa mwili wake. Amplifaya ya gitaa ikiwa kwenye soketi isiyo na waya wa ethi (waya wa ardhini), na mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, ikiwa kwenye soketi nyingine yenye ethi, tofauti ya umeme kati yao inapita kifuani. Anayepigwa hatupwi kila mara. Misuli inaweza kukaza, mkono ukashindwa kuachia.

Nunua kipima umeme cha bei ndogo. Vyombo vyote vikiwa vimewashwa, kiweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ifanye kabla hujagusa maiki kwa mdomo, kila ukumbi, kila mara. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikizidi volti 5, hakuna anayeimba mpaka chanzo kipatikane. Mara nyingi ni waya wa kurefusha usio na ethi, plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwenye soketi ya pini tatu, au ethi iliyokatwa makusudi ili kuondoa mvumo. Mvumo huondolewa kwa kisanduku cha DI, kinachounganisha chombo na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha ethi ya mawimbi ya sauti. Waya wa ethi wa umeme haukatwi hata siku moja. Vyombo vyote vya bendi na mikisa vichukue umeme kutoka chanzo kimoja. Viatu vya soli ya mpira husaidia kidogo, lakini usiviamini peke yake. Mvua ikianza, na Kampala hunyesha zaidi Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jukwaa la wazi lizimwe kabla halijalowa.

Umeme wetu ni volti 240. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani ni ya 120. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma, tumia transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati za chombo. Plagi ya ampea 13 ina kikomo cha karibu wati 3,100, kwa hiyo usitundike spika zote kwenye waya mmoja. Jenereta ya kVA 5 hutoa takribani kilowati 4. Panga matumizi ya 3, sababu pigo la besi hudai umeme kwa ghafla na jenereta iliyobanwa hushusha volti, mikisa ya kidijitali inajizima, na kuwaka tena huchukua dakika nzima mbele ya watu. Mikisa hiyo iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika, zima kwanza vikuza sauti, kwa kuwa unaporudi huja na kishindo. Kuwasha ni kinyume: vyombo, mikisa, vikuza sauti mwisho.

Amplifaya ya taa, yaani ya vali za kioo, haiwashwi bila spika kuunganishwa, transfoma yake ya kutoa itaungua. Makabati mawili ya ohmu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa ohmu 4. Hakikisha swichi ya nyuma inalingana.

Fundi mitambo na wewe

Mtafute mapema, msalimie vizuri, mwite kwa jina, mpe orodha ya vyombo siku tatu kabla. Kisha mwombe mambo manne kwa upole na kwa uhakika. Sauti yako ikatwe chini ya hezi 100. Gitaa lipunguzwe karibu na hezi 300, panapoleta uzito wa matope. Besi isipelekwe yote kwenye spika za chini. Na monita yako, spika ya jukwaani inayokuelekea wewe, iwe na sauti yako zaidi ya kitu chochote. Amplifaya ya gitaa iinuliwe juu ya kreti la soda ielekee kichwa cha mpigaji. Ikiwa chini inampiga magotini, yeye hajisikii, anaongeza, na wewe unazama. Wati 30 za amplifaya ya taa zinatosha ukumbi wa watu 200.

Shika maiki kwenye mpini. Kukumbatia wavu kwa kiganja kunapendeza kwenye picha, lakini unaziba matundu ya nyuma ambayo ndiyo huifanya isikie mbele peke yake. Ikishazibwa inasikia pande zote, hata monita, na ndipo inapiga filimbi. Maiki ya kawaida ya kuimbia, monita ikae mbele yako kabisa, nyuma ya maiki. Zile zenye mwelekeo mwembamba zaidi hazisikii vizuri pembeni-nyuma, hivyo monita mbili zikae kushoto na kulia. Sauti safi ya juu ikija, rudisha maiki sentimita 15 hadi 20. Mkwaruzo ukija, ilete karibu, maana huo ni mdogo.

Mavazi na ukingo wa jukwaa

Soko la Owino lina makoti ya ngozi na jinzi nzito za mtumba kwa bei ya maelewano. Nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Mafundi wa Katwe wanakata na kuchomelea vishikizo, minyororo na misumari ya mapambo. Mwambie fundi aifanye misumari butu, na isiwe upande wa gitaa wala kwenye kiganja, maana inakwaruza mbao na kunasa waya.

Vazi lolote lipimwe kwa kufanya nalo mazoezi ya onyesho zima. Inua mikono, piga magoti, ruka. Mtu akurekodi kwa simu iliyowekwa chini ya usawa wa jukwaa, pale macho ya hadhira yatakapokuwa. Kinachoonekana kwenye kioo cha nyumbani na kinachoonekana kutoka chini ni vitu viwili. Kaptula ya kubana ndani ya sketi inakupa uhuru wa kuruka bila kuwaza. Ukiamua kuonyesha, iwe umeamua wewe.

Januari 1977 Patti Smith alianguka kutoka jukwaani Tampa, Florida, akavunjika mifupa ya shingo, na ikamchukua muda mrefu kurudi. Bandika utepe mweupe wa upana wa sentimita 5, nusu mita kabla ya ukingo. Taa zikikupiga machoni hutaona ukingo, lakini mweupe wa miguuni utauona. Waya wa maiki ubandikwe sakafuni pale unapopita mbele ya monita.

Moto na fataki ndani ya ukumbi, hapana. Februari 2003 watu 100 walikufa katika klabu ya The Station, Rhode Island, baada ya fataki za bendi kushika sponji ya ukutani. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana kwenye jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, wakikimbilia kutazama fataki. Ukitaka kuharibu kitu jukwaani, haribu kisichowaka wala kurusha vipande: pasua gauni la harusi la mtumba, chana kalenda, nyoa nywele zako.

Wawepo watu wawili wako mbele ya jukwaa ambao kazi yao ni mikono ya watu. Wakubaliane nawe ishara moja ya kusimamisha wimbo, na wimbo usimame kweli inapotolewa. Usiruke kwa hadhira ambayo haijawahi kumdaka mtu.

Pesa

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: tarehe, muda wa kuimba, kiasi, nusu kabla ya siku ya shoo kwa simu, chumba cha kubadilishia chenye kufuli, na gari la kukurudisha nyumbani. Malipo ya mwisho yapokelewe kabla ya wimbo wa mwisho na mtu wako, mahali penye watu. Promota anayetaka kukulipa peke yako, hotelini, hajaja kulipa.

Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inakulinda tangu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na ulinzi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kunakupa ushahidi, na uanachama wa UPRS, chama cha kukusanya mirabaha, ndio njia ya kupokea mirabaha ya nyimbo kupigwa redioni na kwenye kumbi. Mgawanyo wa asilimia kati ya mwandishi wa maneno na watunzi wa muziki uandikwe siku ile ile wimbo unapokamilika, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, sahihi za wote. Ukiahirisha mpaka wimbo upendwe, kumbukumbu za watu hubadilika. Rekodi asili ibaki mikononi mwako. Joan Jett, baada ya bendi yake The Runaways kuvunjika mwaka 1979, alikataliwa na makampuni 23. Yeye na Kenny Laguna wakachapa wenyewe, wakauza santuri kutoka kwenye buti la gari, wakaanzisha Blackheart Records. Mwaka 1982 wimbo wake ulikaa namba 1 Marekani wiki 7.

Siku yenyewe

Dakika 40 hadi 45, nyimbo 11 au 12 za dakika 3 na nusu, zinatosha kwa bendi mpya. Wimbo mkali kuliko wote usiwe wa kwanza, koo halijafunguka. Uweke wa tatu, na mwingine karibu na mwisho. Katikati weka mmoja wa polepole ambao unapumzikia humo bila hadhira kujua. Majaribio ya sauti yaende kwa mpangilio: ngoma, besi, gitaa, kisha wewe, na mwisho wote pamoja kwenye wimbo wenye kelele kuliko zote. Ukijaribu kwa wimbo mpole, mvumo utakushtukiza usiku.

Mwombe fundi akurekodie kutoka kwenye mikisa kwa flashi, na mtu mwingine arekodi kwa simu katikati ya ukumbi. Ukishuka, rudia mrija na maji dakika 3 kwa sauti ndogo, kunywa maji, na uepuke kuzungumza kwa kupaza sauti nje ya ukumbi, maana mazungumzo ya kushindana na muziki wa diskojoki huchosha nyuzi kuliko onyesho. Kesho yake msikilize rekodi zote mbili pamoja na bendi. Ya mikisa itaonyesha makosa ya kupiga, ya ukumbini itaonyesha kama maneno yalisikika. Yasiposikika kwenye kiitikio, punguza gitaa na uandike upya mstari kabla ya kufikiria maiki mpya.